Joomla ni neno letu: historia ya tovuti ya kurithi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, zamu za usiku zimenibana na baridi ya huku nayo haina huruma na mtu. Leo sizungumzii hospitali, wala bei ya gesi, wala viza. Nataka niwasimulie historia ya kitu ambacho wengi wetu tulio nje tumekitumia bila kukijua jina, na hata waliolijua jina lake wengi hawakujua kwamba limetoka kwetu. Kitu chenyewe kinaitwa Joomla.

Liandike hilo neno kwa tahajia yetu utapata jumla. Ni jumla ile ile ya bei ya jumla na rejareja, ile ya jumla kuu chini ya risiti, ile tuliyofundishwa tukiwa wadogo pamoja na kutoa. Sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu zamani, tukalizoea mpaka tukasahau lilikotoka. Mwaka 2005 kundi la mafundi wa kompyuta waliotawanyika nchi mbalimbali walikuwa wanatafuta jina la programu yao. Wakaliokota hilo, wakaliandika kwa namna ambayo msomaji wa Kiingereza atalitamka karibu sawa na sisi, na maana waliyoipenda ni ile ya "wote kwa pamoja". Nilipomweleza dada mmoja wa Tanga tunayefanya naye kazi wodini, alicheka sana akasema kumbe Wazungu nao wamefungua duka la jumla.

Sasa, muuguzi na Joomla wapi na wapi? Ni kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye amesomea programu za kompyuta hapa Uingereza. Mwanzoni mwa 2024 viongozi wa chama chetu cha Watanzania wa mji huu walimkabidhi tovuti ya chama. Walimkabidhi kwa namna tunavyokabidhiana vitu sisi: jina la kuingilia na neno la siri kwenye kipande cha karatasi, na maneno "wewe ni kijana, utaelewa". Pamoja na karatasi hiyo kulikuwa na barua kutoka kampuni inayotuhifadhia tovuti, ikisema kwamba seva ya zamani ambayo tovuti yetu imekaa itazimwa mwezi Septemba mwaka huo huo, na kila mwenye tovuti humo aihamishe au aiage.

Ingekuwa tovuti ya picha za sherehe tu tungeiaga. Lakini ndani yake mlikuwa na rejesta ya mfuko wa misiba. Wanaoishi nje wananielewa. Mtu akifariki huku, kumrudisha nyumbani ni maelfu ya pauni, na katiba ya chama chetu inasema mwanachama aliyechangia miaka 10 mfululizo chama kinabeba gharama yote ya kusafirisha mwili. Michango ya tangu 2007 mpaka 2019 ilikuwa imeandikwa ndani ya tovuti ile na si mahali pengine. Daftari la karatasi lilipotea katika kuhama nyumba kwa mweka hazina mmoja. Na mwezi huo huo wa barua tulikuwa na mzee wetu mgonjwa sana, ambaye mkewe alikuwa anauliza kwa adabu, kila Jumapili, kama majina yao bado yapo.

Mdogo wangu alipofungua tovuti kwa mara ya kwanza alicheka. Akaniambia, "Dada, hii ni Joomla 1.5. Hii ni makumbusho." Mpango wake wa kwanza ulikuwa kubomoa yote, kuweka WordPress, na kunakili maandishi machache ya muhimu. Nikamwambia sisi wodini ukipokea mgonjwa kwenye zamu humbadilishii dawa zote kwa sababu daktari wa jana hakumpa unazozipenda wewe. Kwanza unasoma faili. Akaniangalia, akaguna, lakini akaanza kusoma. Tulisoma pamoja jioni zangu za mapumziko, yeye akitafuta msimbo na mimi nikitafuta tarehe, maana historia ndiyo niliyoipenda shuleni kabla ya wazazi kuniambia historia haina ajira.

Kwanza tuelewane mfumo wenyewe ni kitu gani. Miaka ya 1990 tovuti nyingi zilikuwa mafaili yaliyoandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja faili moja. Kama namba ya simu ya katibu iko kwenye kurasa 40, ikibadilika unafungua mafaili 40. Mifumo ya kusimamia maudhui ilikuja kuondoa adha hiyo kwa kutenganisha maneno na sura. Maneno yanakaa kwenye hifadhidata, kama MySQL. Sura inakaa kwenye kiolezo. Katikati kuna programu, kwa Joomla ni ya lugha ya PHP, ambayo msomaji akibonyeza inachukua maneno kule, inachukua sura huku, inaunganisha papo hapo na kumpelekea. Mwandishi wa habari za chama hahitaji kujua msimbo hata kidogo, anaingia kwenye sehemu ya utawala, anaandika, anahifadhi, basi. Ni kama fomu za hospitali: fomu tupu zimechapwa zote sawa, maelezo ya kila mgonjwa ndiyo yanayoingizwa.

Faida hiyo ina gharama yake ambayo watu hawaielezwi wakati wa kununua. Katika mfumo kama huu ukurasa unaouona hauko mahali popote. Unatengenezwa upya kila unapoombwa, na ile programu ya katikati lazima iwe hai, na PHP iliyo chini yake iwe inaelewana nayo, na hifadhidata pia. Ukurasa wa mkono wa 1996 unaweza kuufungua mpaka leo. Tovuti ya Joomla ya 2007 ambayo haikuguswa, seva ikibadilishwa chini yake, inaweza kuwa karatasi nyeupe asubuhi moja, na maneno yote yakawa yamo ndani ya hifadhidata, salama kabisa, bila mtu wa kuyatoa.

Tuje kwenye historia yenyewe, na hapa kuna uhondo. Kabla ya Joomla kulikuwa na Mambo. Msicheke, ndilo jina lake. Mambo ilitengenezwa na kampuni ya Miro ya Melbourne, Australia, kuanzia mwaka 2000, na mwezi Aprili 2001 kampuni hiyo ikaitoa kwa leseni ya GPL, yaani mtu yeyote aruhusiwe kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba akigawa, wa baada yake nao wawe na uhuru huo huo. Watu wa nje ya kampuni wakaanza kuijenga kwa kujitolea, na kufikia 2005 wao ndio waliokuwa wakiibeba. Kampuni ilikuwa na jina na alama ya biashara.

Mwezi Agosti 2005 ikaundwa taasisi ya kuisimamia, Mambo Foundation. Mafundi wakaona katika muundo wake kampuni imejiwekea nguvu kubwa na wao hawakushirikishwa inavyotakiwa. Tarehe 17 Agosti 2005 kundi zima la mafundi wakuu, Andrew Eddie akiwa msemaji wao, wakaandika barua ya wazi kwa watumiaji na kuondoka. Walifungua ukurasa wao walioupa jina Open Source Matters, na inaelezwa kwamba watu wapatao elfu moja walijiunga ndani ya siku moja.

Hebu litazame jambo hilo kwa jicho la chama chochote cha Waswahili ughaibuni, maana sisi kwa kugawanyika hatujambo. Kwetu viongozi wakigombana, mmoja anaondoka na daftari la benki, mwingine na mhuri, na wanachama wanabaki wanashangaa. Wale walichoondoka nacho ni haki ambayo kila mtu alikuwa nayo tangu 2001, haki ya kuchukua msimbo na kuendelea nao. Jina hawakuweza kulichukua. Ndiyo maana wakahitaji jina jipya, na mwanzoni mwa Septemba 2005 wakatangaza Joomla, na katikati ya mwezi huo huo toleo la 1.0 likatoka. Kwa sikio la Mswahili mradi huo ulitoka kwenye mambo ukaingia kwenye jumla, na sijui kama kuna lugha nyingine ya dunia ambayo sentensi hiyo inaeleweka.

Mambo yenyewe iliendelea miaka michache kisha ikafifia. Aliyekuwa na jina alibaki na jina, na kazi ikaenda na waliokuwa wakiifanya.

Na haikuwa mara ya kwanza kwa kazi kuhama namna hiyo. WordPress ambayo mdogo wangu alitaka kukimbilia ilianza kwa kurithi pia. Kulikuwa na programu inayoitwa b2, ya kijana wa Corsica, Michel Valdrighi, ambaye kufikia mwishoni mwa 2002 alikuwa ameacha kuishughulikia. Januari 2003 Matt Mullenweg wa Marekani, akiwa na miaka 19, aliandika kwamba programu anayoitegemea haina mwenyewe tena na kwamba anafikiria kuichukua na kuiendeleza kwa kuwa leseni inaruhusu. Mtu wa kwanza kujibu alikuwa Mwingereza wa Stockport, Mike Little. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 27 Mei 2003. Kwa hiyo programu iliyo maarufu kuliko zote duniani katika kazi hii ni ya vijana wawili waliojifunza kutunza msimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Nilimweleza mdogo wangu habari hiyo kwa makusudi, naye akajua kabisa ninakolenga.

Turudi kwenye tovuti yetu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutokugusa. Alichukua nakala ya mafaili yote na ya hifadhidata yote, akaziweka kwenye kompyuta yake. Kumbe humo ndani mlikuwa na chombo cha kuchukulia nakala ambacho mtangulizi alikifunga, kinaitwa Akeeba, cha fundi wa Kigiriki Nicholas Dionysopoulos. Sema hilo jina polepole. Naam, ni akiba. Zamani kiliitwa JoomlaPack, kikabadilishwa jina kikapewa letu. Hiyo imekuwa desturi kwao: kuna programu nyingine ya majadiliano katika Joomla inaitwa Kunena, na ni kunena kwetu kule kule kwa kusema. Wahenga wamesema akiba haiozi, ila ile ya chama chetu ilikuwa imekaa sana, nakala ya mwisho ilikuwa ya Novemba 2012.

Kuifungua nakala kwenye kompyuta ya kisasa nako ni kazi. Joomla 1.5 ilitoka tarehe 22 Januari 2008 na iliandikwa kwa PHP ya siku zile. PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa mambo mengi ya kale ambayo programu za wakati ule ziliyategemea. Ilibidi atafute PHP ya zamani, aiweke pembeni ndani ya kompyuta yake ikiwa imefungiwa isitoke nje kwenye intaneti, ndipo tovuti ikaamka na rangi zake za bluu za kiolezo cha kale, na tangazo la mkutano wa 2019 likiwa juu kabisa.

Hapo tukaanza kujiuliza swali lililotuchukua wiki nzima. Kwa nini mtangulizi aliishia 1.5? Joomla ilikwenda mbele: 1.6 mwezi Januari 2011, 1.7 Julai mwaka huo, 2.5 Januari 2012, 3.0 Septemba 2012. Matengenezo rasmi ya 1.5 yaliisha mwishoni mwa 2012. Mtu aliyekuwa makini kiasi cha kuweka chombo cha akiba alishindwaje kubonyeza kitufe cha kusasisha? Viongozi walikuwa na jibu lao tayari, kwamba alikuwa mvivu, na mmoja aliongeza kwamba alikuwa anaringa.

Jibu lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa faili la rejesta ya misiba. Kila faili la Joomla huanza na mstari wa ulinzi, unaozuia mtu asilifungue moja kwa moja bila kupitia mlango mkuu. Katika 1.5 mstari huo huwa na neno _JEXEC. Katika rejesta yetu ulikuwa na neno _VALID_MOS. Mdogo wangu hakuwahi kuliona. Tulipotafuta, MOS ni Mambo Open Source. Mafundi walipoondoka mwaka 2005 walibadilisha jina la nje, lakini ndani ya Joomla 1.0 msimbo uliendelea kujiita Mambo kila mahali, hata folda ya viongezeo vidogo ilikuwa inaitwa mambots. Rejesta yetu iliandikwa 2007 kwa ajili ya Joomla 1.0, ikiwa na damu ya Mambo ndani yake, miaka miwili baada ya ugomvi wa Melbourne. Mtangulizi aliiandika mwenyewe kwa mkono, usiku, wakati mchana anasoma uhasibu.

Ilipokuja 1.5 msimbo wa ndani uliandikwa upya kwa kiasi kikubwa. Ili wenye viongezeo vya zamani wasiachwe solemba, mafundi waliweka kitu walichokiita Legacy, tuseme hali ya urithi. Ukiiwasha, 1.5 inajifanya 1.0 mbele ya viongezeo vya kale, navyo vinafanya kazi bila kujua kwamba nyumba imebadilika. Mtangulizi aliiwasha, rejesta ikaendelea. Lakini 1.6 iliiondoa hali hiyo kabisa. Isitoshe, kutoka 1.5 kwenda mbele hakukuwa na kitufe cha kubonyeza, ilikuwa ni kuhamisha data kutoka tovuti ya zamani kwenda mpya, kwa chombo cha kujitegemea kinachoitwa jUpgrade. Kwa hiyo mwaka 2011 yule kaka alikuwa na njia mbili tu. Asasishe na rejesta ya misiba ife, au abaki na rejesta na mlango ubaki na kufuli la zamani. Alibaki na rejesta.

Jamani, mimi nasema alifanya sawa. Mdogo wangu ana maoni tofauti kidogo, anasema angeiandika upya. Kwa muda upi, nikamuuliza, na kwa mshahara upi.

Hatari ya kubaki nyuma ilikuwa ya kweli, nisije nikaonekana naipuuza. Agosti 2008 iligunduliwa kwamba katika 1.5.0 mpaka 1.5.5 mtu wa nje angeweza kubadilisha neno la siri la mtumiaji wa kwanza kwenye orodha, na mtumiaji wa kwanza kwa kawaida ndiye msimamizi mkuu, na dawa ikatoka katika 1.5.6. Desemba 2015 likatokea kubwa zaidi, tundu ambalo wadukuzi walikuwa tayari wanalitumia kabla kiraka hakijatoka. Lilizibwa katika 3.4.6, na kwa kuwa lilikuwa baya kiasi hicho mafundi wakatoa viraka hata kwa 1.5 na 2.5 ambazo walikwisha acha kuzihudumia. Katika mafaili yetu kiraka hicho tulikikuta kimewekwa, tarehe 16 Desemba 2015, wakati huyo kaka alikwisha hamia Canada na hakuwa tena na cheo chochote katika chama. Nilimwonyesha mwenyekiti tarehe hiyo. Hakurudia tena ile habari ya kuringa.

Wenzetu wa Drupal, mfumo mwingine ulioanzia Antwerp, Ubelgiji, walipata kadhia yao Oktoba 2014, na wakawatangazia watumiaji kwamba ambaye hakuziba tundu ndani ya muda wa saa 7 tangu kiraka kitoke achukulie kwamba tovuti yake imekwisha ingiliwa. Chama kinachokutana mara moja kwa mwezi kitawezaje hiyo mbio?

Kazi yenyewe ya kuhamisha ilichukua majira ya joto yote. Makala na picha zilikuwa rahisi kwa kulinganisha: 1.5 kwenda 2.5 kwa jUpgrade, 2.5 kwenda 3.10, kisha 4, kisha 5, na kila ngazi inataka PHP yake. Joomla 4 ilitoka tarehe 17 Agosti 2021, siku ile ile ya barua ya 2005, na 3.10 ilitolewa siku hiyo hiyo ili iwe daraja la kuvukia. Kila ngazi alichukua nakala, akapanda, akahesabu makala, akalinganisha na za chini. Alikuwa amechora jedwali ukutani, kama chati yetu ya dozi, na kila mstari ameweka saa na saini yake mwenyewe. Hilo sikumfundisha.

Rejesta ilikuwa jambo jingine. Haikuweza kupanda ngazi hata moja. Ilibidi majedwali yake yatolewe kwenye hifadhidata yalivyo, na msimbo uandikwe upya kwa ajili ya Joomla ya leo. Hapo ndipo kusoma kulipomlipa. Katika msimbo wa zamani mlikuwa na maelezo ya pembeni kwa Kiswahili, mengi mafupi. Moja lilieleza kwamba mwanachama aliyesimama kulipa kwa sababu ya ugonjwa asihesabiwe amekatisha, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa 2009. Jambo hilo halimo katika katiba tuliyonayo. Angebomoa na kuanza upya kama alivyotaka Januari, sheria hiyo ingepotea, na kompyuta ingeanza kuwakata watu waliougua bila mtu kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Alimwandikia yule kaka kwa WhatsApp kuuliza. Zilipita wiki mbili, likaja jibu la sauti la dakika 20. Alianza kwa salamu ndefu, akauliza hali ya kila mtu mmoja mmoja, kisha akaeleza meza ya mkutano ule ilikaaje na nani alipendekeza nini. Aliuliza kama ile hali ya urithi bado imewashwa. Mdogo wangu alipomjibu ndiyo, alicheka mpaka akakohoa.

Mzee wetu alifariki mwezi Juni 2024, kabla kazi haijaisha. Rejesta mpya ilikuwa bado haijasimama, ile ya zamani iko kwenye seva inayosubiri kuzimwa. Mdogo wangu alifungua nakala iliyofungiwa kwenye kompyuta yake, akatafuta namba ya uanachama, akachapa karatasi mbili. Michango ilianza Machi 2008. Kulikuwa na pengo la miezi mitano mwaka 2014, na mbele yake neno moja: hospitali. Kamati ilikaa usiku huo huo, wengine kwa simu, na mjadala haukufika nusu saa. Mwili ulisafirishwa kwenda Moshi kwa gharama ya chama. Mama alipewa zile karatasi mbili akaziweka kwenye mkoba wake pamoja na pasi ya kusafiria ya marehemu.

Tovuti ilihamia kwenye seva mpya wiki ya mwisho ya Agosti, siku chache kabla ya ile ya zamani kuzimwa. Toleo ililoingia nalo lilikuwa Joomla 5.1. Na hapa kuna jambo la mwisho la jina. Mafundi wa Joomla wana desturi ya kuyapa matoleo yao majina ya Kiswahili. La 4.0 liliitwa Furaha, 4.1 Kuamini, 4.2 Uaminifu, 4.3 Bora, 4.4 Pamoja. Hilo la 5.1, lililotoka Aprili 2024, jina lake ni Kudumisha. Mdogo wangu aliliona kwenye ukurasa wa utawala, akapiga picha ya skrini akanitumia saa 9 usiku nikiwa zamu, bila kuandika neno lolote. Oktoba mwaka huo alipandisha 5.2, nayo ni Uthabiti.

Tangu hapo kila mwezi anachukua nakala mbili, moja anaiweka nje ya seva. Viraka vikitoka anaviweka siku hiyo hiyo, isipokuwa Ijumaa jioni, maana anasema Ijumaa jioni kikiharibika kitu hakuna wa kumpigia. Na ameanza kuandika hati ya makabidhiano, kwa Kiswahili, kwa ajili ya atakayempokea. Mpaka sasa ina kurasa 11. Ukurasa wa kwanza unaeleza kwa nini tovuti ilikaa kwenye 1.5 kwa miaka yote ile, nani aliandika rejesta ya kwanza, mkutano wa 2009 uliamua nini, na chini kabisa kuna namba ya simu ya Canada pamoja na onyo kwamba jibu linaweza kuchukua wiki mbili.